Barua ya Kupokewa

Kosa lilikuwa la neno moja, na neno hilo nililipiga mimi mwenyewe kwa mashini.

Ilikuwa miaka ya mwisho kabla ya uhuru. Nilikuwa karani wa shule ya sekondari ya misioni, hapa Uvira, kando ya ziwa. Kazi yangu ilikuwa kupiga barua, kutunza madaftari ya majina, kugonga kengele mgonga kengele anapougua malaria, na kugeuza Kifaransa cha direkteri, mkuu wa shule, kiwe Kiswahili ambacho wazazi wangekisikia. Direkteri alikuwa padiri Mbelgiji, mrefu, mwenye kikohozi, ambaye hakuwahi kupaza sauti. Wanafunzi walimwogopa kwa sababu hiyo.

Wakati ule chuo kikuu kilikuwa kimeanza kufundisha kule Usumbura, ng'ambo ya mto Ruzizi. "Chuo kikuu" lilikuwa neno jipya kwetu. Jirani zangu wa Mulongwe walidhani ni shule yenye ghorofa. Chuo kikaziandikia shule za karibu: leteni wanafunzi wa darasa la mwisho Jumamosi moja, watembezwe, waone madarasa na mahali pa kulala, wale chakula cha mchana, warudi. Kisha kila mmoja ajaze fishi, karatasi ya maswali, aseme ameonaje siku hiyo. Direkteri akanikabidhi yote: kamio ya kuwabeba, lori la misioni, mikate, fishi, na barua kwa wazazi.

Barua aliiandika yeye kwa Kifaransa. Mimi nikaigeuza: "Mtoto wako atapokewa kwenye chuo kikuu cha Usumbura siku ya Jumamosi." Kwa Kifaransa chake, padiri alitaka kusema watakaribishwa, kama mgeni anavyokaribishwa na kupewa kiti. Lakini kwetu mtoto akipokewa shuleni, basi ameingia, jina lake limeandikwa, hakuna maneno tena. Hilo sikuliwaza. Nilipiga nakala ishirini na mbili, nikazikunja vizuri, nikazituma. Nakumbuka niliridhika sana na pembe za bahasha.

Jumamosi nilifika uwanja wa shule kukiwa kumepambazuka tu. Kamio ilikuwa imekwisha kufika. Kando yake walikuwapo wanafunzi wote ishirini na wawili, hakuna aliyechelewa, jambo ambalo halijapata kutokea katika shule ile. Walikuwa wamevaa mashati mapya. Mbele ya kila mmoja palikuwa na sanduku la bati, juu ya sanduku mkeka uliokunjwa, na juu ya mkeka sufuria. Wengine walikuwa na ndagala, samaki wadogo wa ziwani, waliokaushwa, gunia zima. Nyuma yao walisimama mama, shangazi, na mabibi waliotoka Songo na vilima vya juu, wakiimba nyimbo za kumuaga mtu anayekwenda mbali.

Mama mmoja alinishika mkono, akanipa kuku hai.

"Karani, utuchungie huyu mutoto. Hajazoea kulala peke yake."

Nilimshika yule kuku kwa miguu. Hapo ndipo nilipoelewa.

Watu huniuliza kwa nini sikusema palepale. Ningeweza kupanda juu ya kamio na kutangaza. Lakini wale mama walikuwa wamekwisha kulia, na mtu aliyekwisha kulia hutaki kumwambia alikosea siku. Nilijiambia nitasema njiani. Direkteri akatoka kanisani, akayatazama masanduku.

"Hii ni nini?"

"Chakula cha safari, Padiri."

Alitazama mkeka mmoja uliofungwa kwa kamba ya mkonge. "Wanakula sana," akasema, akarudi ndani kukohoa.

Tulipokuwa tunapakia, baba mmoja alipanda kamio pamoja na mwanawe. Alikuwa mlimaji wa pamba kutoka bonde la Ruzizi, mfupi, amevaa koti zito jeusi ambalo bila shaka ndilo alilovaa siku ya harusi yake. Mwanawe nilimfahamu kidogo tu: kijana mpole wa dawati la nyuma, ambaye walimu humkumbuka wanapohesabu daftari. Nilimwambia yule mzee kwamba safari ni ya wanafunzi.

"Minye siendi kusoma," akajibu. "Naenda kuona fasi atalala. Nikiona, nitarudi."

Hakuna kanuni iliyokuwa imeandikwa juu ya hilo, kwa sababu kanuni ningeziandika mimi. Akakaa juu ya sanduku la mwanawe.

Njiani sikusema. Tulipita Kavimvira, nikawaza nitasema kwenye daraja la Ruzizi. Darajani askari wa kizuizi aliwauliza vijana wanahamia wapi, wakamjibu kwa pamoja, "Chuo kikuu!" naye akawapigia saluti. Nikaona pale si mahali pa kusema.

Chuoni tulipokewa na profesa mmoja kijana, uso mwekundu kwa jua, soksi zimevutwa hadi magotini. Alikuwa ameandaa siku yake vizuri. Alituonyesha chumba chenye vitabu ukutani hadi juu, akawaruhusu vijana wavishike. Alituonyesha chumba cha kupimia udongo, akaweka tone la maji machafu chini ya kioo cha kukuzia. Yule baba akainama, akatazama kwa muda mrefu.

"Na watu wanakunywa hii?"

"Ni ya ziwa," profesa akasema, nami nikageuza.

"Basi tuko na nguvu," akasema baba, akampisha anayefuata.

Kisha tukaenda mahali pa kulala. Vitanda vya chuma vilikuwa vimetandikwa mashuka meupe, kama hospitali ambayo bado haijapata mgonjwa. Baba aliupita mstari wote polepole, akachagua kitanda cha karibu na dirisha, akakaa, akajaribu springi mara tatu. Akamwita mwanawe. Wakalisukuma sanduku chini ya kitanda. Wenzake walipoona hivyo, wakatoka mbio kwenda kwenye kamio, wakarudi na masanduku yao, na kwa muda mfupi chumba kizima kilikuwa na wenyewe. Mmoja alikuwa amekwisha kuvua viatu.

Profesa alinivuta kando, akaniuliza kwa Kifaransa kama vijana hawa wanadhani watalala hapa. Nilimwambia ndiyo, wanadhani hivyo, na nilimwambia kwa nini. Halafu akaniuliza kama ningependa maji ya kunywa.

Nilikunywa maji. Kisha nikasimama katikati ya chumba kile, nikawaambia. Nilisema barua ilikuwa na kosa, na kosa lilikuwa langu, si la chuo wala la padiri. Walikuja kutazama tu. Kuingia kuna mtihani, na mtihani ni baada ya miezi miwili. Nilisema yote kwa pumzi moja, kwa sababu nilijua nikipumzika sitaendelea.

Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana. Aliyevua viatu alianza kuvivaa, na kila mtu akawa anamtazama anavyofunga kamba.

Baba hakuinuka kitandani.

"Karani, mwana wangu. Kupokewa iko ngapi?"

"Ni mbili, muzee. Moja ni ya kukaribishwa. Moja ni ya kuingia."

"Na weye uliandika gani?"

"Niliandika ya kukaribishwa, lakini inasomeka ya kuingia."

Alitikisa kichwa kama mtu anayeelezwa bei ya kitu ambacho hatanunua. "Uambie huyu muzungu. Sisi tumekwisha kufika. Mutihani amupe leo."

Niligeuza. Profesa alieleza kwa upole kwamba karatasi za mtihani zinatoka mbali, na hata yeye hajaziona. Baba alisikiliza hadi mwisho.

"Nilichinja ng'ombe," akasema. "Watu walikula. Kitanda chake nimempa mudogo wake. Sasa nitamurudisha mu nyumba nimuweke wapi?"

Sentensi hiyo niliigeuza kwa Kifaransa kizuri kuliko chote nilichowahi kusema, na profesa akatuonyesha njia ya chumba cha chakula. Tukaenda kula. Kulikuwa na wali na nyama, na vijana walikula wote bila kubakiza, kwa huzuni.

Alasiri tukarudi. Darajani askari yuleyule aliona masanduku yakirudi, akatuuliza kama tumefukuzwa. Nikamwambia tulitembea tu. Kabla ya kufika mjini, vijana sita waliomba washushwe ili waingie kwa njia za nyuma, na dereva akawashusha. Wengine walitulia ndani ya kamio hadi uwanjani, wakitazama chini, huku watu wa sokoni wakisimama kuona ni nani amekufa.

Kesho yake, baada ya misa, baba alinijia mlangoni na baiskeli yake. Yeye na mwanawe hawakuwa wamerudi kijijini usiku ule; kijana alilala kwangu.

"Twende. Mama yake utamwambia weye. Minye siwezi."

Tulipanda baiskeli mbili hadi kwake bondeni, kati ya mashamba ya pamba. Mama alikuwa anatwanga mihogo. Nilimwamkia, nikaketi, nikaeleza neno na maana zake mbili. Nilikuwa nimejizoeza njiani, na nadhani nilieleza vizuri. Aliendelea kutwanga.

"Kwa hiyo nililia bure," akasema mwishoni.

"Hapana, mama. Akipita mtihani ataenda kweli."

"Siku hiyo sitalia. Machozi ya huyu nimekwisha kutoa." Akaweka mtwangio chini, akanitazama kwa mara ya kwanza. "Weye karani, uko na bibi?"

"Niko naye."

"Uko na fasi kwako?"

Nilikuwa na vyumba viwili, mke, mtoto mmoja wa kunyonya, na yule kuku. Nikasema ninayo. Hivyo ndivyo kijana yule alivyohamia kwetu Mulongwe, kwa sababu nyumbani kwake kitanda kilikuwa na mwenyewe, na kijiji kizima kilikuwa kimekula ng'ombe wake.

Jumatatu nilizikusanya zile fishi. Maswali yalitoka chuoni, yamechapwa: nini kilikupendeza, nini hakikukupendeza, ungependa kurudi? Chini ya kilichopendeza, wengi waliandika nyama. Watatu waliandika kioo cha kukuzia. Aliyevua viatu aliandika "shuka". Chini ya kisichopendeza, karibu wote waliandika kitu kimoja: "kurudi." Na walipoulizwa kama wangependa kurudi, waliandika ndiyo. Nilikaa na karatasi hizo muda mrefu nikifikiri jinsi ya kuziweka katika ripoti bila kumchanganya msomaji.

Baba naye alikuwa ametaka fishi yake, akanitajia majibu niandike. Yalikuwa mafupi. "Mahali ni pazuri. Muzungu ana adabu. Barua ilikuwa mbaya."

Ripoti ya kwanza niliyoipiga ilisema kwamba "baadhi ya maelezo kwa wazazi yangeweza kuwa kamili zaidi." Niliisoma mara mbili. Ilikuwa Kifaransa safi, na ilikuwa ya mwoga. Nikaichana, nikapiga nyingine, nikaandika neno nililolitumia, maana yake kwetu, na lililotokea, pamoja na masanduku na ng'ombe. Nikaipeleka kwa direkteri na kubaki nimesimama, nikiwa nimekwisha kupanga kichwani nitakayemwomba kazi.

Alisoma polepole. Alipofika penye masanduku, aliinua macho.

"Uliniambia ni chakula."

"Ndiyo, Padiri."

"Ulinidanganya."

"Ndiyo, Padiri."

Akakohoa, akatoa barua yake ya Kifaransa kwenye faili, akalitafuta neno lile kwa kidole. Alilikuta. "Kwa Kifaransa pia lina maana mbili," akasema. "Mwanafunzi aliyepita mtihani tunamwita kwa neno hilihili." Akatia sahihi chini ya ripoti bila kubadilisha kitu, akanirudishia. Hatukulizungumza tena. Lakini tangu siku hiyo, kila barua ya wazazi aliniomba nimsomee kwanza Kiswahili chake kwa sauti, naye alisikiliza amefumba macho kama mtu anayepimwa kifua.

Kwa miezi miwili kijana alisoma kwenye meza yetu ya kulia. Hakuwa na pa kwenda. Rafiki zake walikwenda kuogelea ziwani, yeye alibaki, kwa sababu barabarani watu walimwita "profesa" na hakujua kama wanamcheka. Mto wa Mulongwe ulipofurika na maji kuingia ndani, tuliweka madaftari yake juu ya kabati na sisi tukasimama majini. Mke wangu, ambaye hakusoma zaidi ya katekisimu, alishika daftari na kumuuliza maswali, akimkaripia alipositasita, ingawa jibu sahihi hakulijua. Alisema uso wa mtu anayejua na wa asiyejua haufanani, kitabu hakihitajiki.

Waliokwenda kufanya mtihani walikuwa tisa. Walioingia ni wawili, na yeye alikuwa mmoja wao. Majibu yalipokuja nilipanda baiskeli hadi bondeni. Baba alikuwa shambani. Nilimwambia mwanawe amepita, ameingia, jina liko kwenye karatasi, nikamwonyesha jina. Hakujua kusoma, lakini aliishika ile karatasi kwa mikono miwili na kunitaka nimwonyeshe tena, herufi kwa herufi. Kisha akakaa chini katikati ya pamba, akiwa amevaa nguo za kazi. Nilikaa naye.

Mwaka uliofuata chuo kiliomba tena wageni. Niliandika barua mpya: "Mtoto wako ataonyeshwa chuo kikuu, halafu atarudi nyumbani siku hiyohiyo kabla ya jua kutua." Direkteri aliisikiliza, akaikubali. Jumamosi wakaja vijana saba tu. Wazazi wengine walikuwa wameuliza kuna faida gani ya kumpeleka mtoto mahali ambapo jioni anarudishwa. Wale saba walikuja mikono mitupu, wakapanda kamio, na mama zao hawakuja kuwasindikiza.