Bega la Nne

Siku moja kabla mambo hayajaharibika Unguja, mwaka sitini na nne, kaka yangu Nassor aliunguza kola ya shati lake kwa pasi ya mkaa. Alikuwa anakwenda harusini Ng'ambo, akaniomba langu jeupe. Nikamwambia thubutu! Mie nilikuwa na miaka kumi na tisa na shati moja tu la maana. Akacheka, na nilipoingia kuoga akalivaa, akaenda zake. Nilimtukana mpaka mama akanifokea.

Alfajiri zikalia bunduki. Tukatia komeo, tukalala sakafuni.

Nassor hakurudi.

Siku ya pili jirani yetu Bwana Haji, fundi cherahani, aliingia kwa mlango wa uani akasema kamwona njia panda, na wenye silaha hawaruhusu maiti kuchukuliwa. Mama hakulia. Alifungua kabati, akatoa shuka mpya, akaanza kukata sanda. Baba akavaa kanzu na kofia, akasema anakwenda kumleta mwanawe. Tukamfuata, mie na Bwana Haji, na jeneza la msikitini.

Kwetu jeneza halipiti peke yake. Hata asiyemjua maiti huinuka, akatia bega hatua chache, akampisha mwingine. Siku hiyo milango yote ilikuwa imefungwa. Niliyaona macho kwenye nyufa za madirisha, ya watu waliokula kwetu kila Idi. Leo siwalaumu, lakini wallahi niliwalaumu miaka mingi.

Njia panda alikuwepo mmoja tu, kijana rika la Nassor, na bunduki.

Nassor alikuwa kalala kifudifudi. Nilimjua kwa shati langu.

Baba akamsalimia yule kijana kama anavyomsalimia mtu yeyote. Akamwambia amekuja mikono mitupu, anamtaka mwanawe akamzike, basi.

Kijana akatuelekezea bunduki.

Kisha akaishusha. Akasema tufanye haraka, wenzake wasije wakarudi.

Jeneza lina pembe nne, na sisi tulikuwa watatu, baba mwenyewe na mgongo wake mbovu. Tuliliinua likainama, mkono wa Nassor ukatokeza nje. Yule kijana akaegemeza bunduki ukutani, akaja, akatia bega pembe ya nyuma, ubavuni kwangu. Nilimsikia akileta shahada kwa sauti ya chini. Alitufikisha mpaka mlangoni kwetu, na bunduki kaiacha kule kule, jambo ambalo wenzake wangeweza kumuulia.

Mlangoni akatupa pole, akanyoosha mkono. Baba akaupokea kwa mikono miwili. Mie nikauficha wangu nyuma.

"Mpe mkono, Salim," baba alisema. "Kambeba ndugu yako."

"Pengine ndiye aliyemuua."

"Pengine. Mpe mkono."

Sikumpa. Akaondoka, hatukumwona tena. Tulimwosha Nassor, tukamzika jioni ile ile. Baba hakunisemesha mpaka siku ya hitma.

Leo mie ni mzee wa Kilburn, London, chumba kimoja juu ya duka la simu. Nilifanya kazi ya ghala kule Hayes mpaka magoti yakagoma. Mke wangu keshatangulia mbele ya haki. Wanangu hupiga simu Jumapili, nawauliza kwa Kiswahili wananijibu kwa Kiingereza, na nikikata, nyumba inanyamaza. Kwa upweke huo nikajiandikisha darasa la wastaafu pale maktaba, wanasoma tenzi za kale za Wayunani. Ati mie na Wayunani!

Asubuhi moja mwalimu, mama mmoja mpole, akatuuliza shujaa wa tenzi zile anakuwa mtukufu kwa lipi. Wenzangu wakasema ni kusimama mstari wa mbele, ni kutokimbia, ni jina litakalobaki. Mwalimu akakubali yote. Kisha akasema kwamba mashujaa wale huua kwa ghadhabu, na maiti huzidhalilisha, lakini mtukufu kuliko wote ni yule ambaye ghadhabu humshuka, akamwona baba wa adui yake kuwa baba kama wake, akamrudishia mwanawe azikwe. Nikatoka nje nikajifanya nakohoa. Nilikuwa nalia.

Sitadanganya, sijawasamehe waliomuua Nassor, na bega la yule kijana halikumrudisha. Lakini na mie, niliyejiona mwenye haki, nilimnyima kaka yangu shati na aliyembeba nikamnyima mkono. Hilo simtupii mtu.

Mwezi uliopita tulimzika mwenzetu mmoja wa hapa Kilburn. Tulikuwa wachache. Jeneza lilikuja kwa gari, likashushwa kwenye kigari cha magurudumu. Niliposogea kutia bega, msimamizi akanishika kiwiko kwa adabu, akaniambia hakuna haja, mzee.

Nikarudi kwa basi nikimfikiria yule kijana. Kama yu hai, naye ni kikongwe. Laiti angekuwa anakaa mtaa wa pili. Ningekwenda kumgongea leo hii, nimpe mkono, kisha nimwombe bega.