Yowe la Juu ya Mawe

Nimeishi Sirari, nimeishi Mugumu, nimeuza mitumba Nyamongo mpaka nikachoka, na kila nilipokuwa nilipakumbuka nilipotoka. Mwaka ule miguu ilinirudisha Nyarero kwa mjomba, kaka yake mama. Nilipomaliza kumwamkia aliniuliza swali lake la siku zote: "Umekuja kukaa, au umekuja kupumzika?" Nikasema nimekuja kukaa. Akamwambia mkewe anipikie, ila asihangaike na godoro.

Wiki hiyo kulikuwa na semina shuleni. Wataalamu wa uchunguzi wa jinai walikuja na gari, wakiongozwa na mama mmoja mpole mwenye koti jeupe, kutufundisha kulinda eneo la tukio. Polisi walikaa mstari wa mbele, mgambo nyuma yao, kisha sisi wengine. Mama yule alisema unyayo ni shahidi, unywele ni shahidi, hata uzi wa shati ni shahidi, na hakuna mtu awezaye kuingia mahali akatoka bila kuacha kitu. Mzee mmoja alisimama.

"Mimi nikienda kumsaidia mwenzangu aliyeibiwa, nyayo zangu zitabaki?"

"Zitabaki, mzee."

"Na mkija mtajua nilikuwepo?"

"Tutajua."

Mzee akakaa, ametulia kabisa, kama mtu aliyepata alichokifuata.

Inafaa nieleze desturi yetu. Yowe la ng'ombe likipigwa, kila mwanamume hutoka. Asiyetoka ataulizwa, na jibu lake lisiporidhisha atatoa mbuzi. Na kufika si kufika getini. Unaingia mpaka zizini, unatazama pale ng'ombe alipokuwa amelala, unasikitika kwa sauti, ndipo umefika. Kwa hiyo zizi lililoibiwa ng'ombe mmoja hukanyagwa kuliko uwanja wa harusi, na unyayo wa mwizi, kama ulikuwepo, unalala chini ya nyayo za majirani wote.

Siku chache baada ya semina, alfajiri, mjomba alikuta magogo ya lango yako chini na maksai wake mwekundu hayupo. Mwenzake wa kulimia alikuwepo, anacheua. Mjomba akapiga yowe.

Watu walikuja mbio na fimbo na mapanga, mwenyekiti wa kijiji akiwemo, kama siku zote. Walipofika ukingoni mwa uwanja wakafunga breki. Hakuna aliyeingia. Nyarero ina mawe mengi, na kila mtu akapanda lake. Aliyekosa jiwe alisimama juu ya kuni.

"Nimefika, mnaniona?"

"Tunakuona."

"Mwenyekiti, usije ukasema sikufika."

"Sogea basi uone zizi, mura."

"Hapa panatosha. Ninaona vizuri sana."

Mmoja alikuwa amevua viatu na kuvibana kwapani, mpaka mwenzake alipomwambia kwamba mguu mtupu ndio mbaya zaidi, una sura ya mwenyewe kabisa. Akavivaa upesi.

"Ndugu zangu," mjomba alisema, "mimi nimeibiwa, ninyi mmesimama kama mijusi."

Nilicheka kimoyomoyo, lakini kicheko hakikudumu. Mjomba aliinama penye lango, akainuka akiwa amenyoosha kidole. "Hii ni katambuga. Naijua kashata yake, hii michoro ya tairi. Ni ya yule pale."

Yule pale alikuwa jirani yetu, amesimama juu ya jiwe lake peke yake, na miguuni ana katambuga, vile viatu vya matairi. Walikuwa hawasalimiani na mjomba tangu mkonge wa mpakani ulipohama, na kila mmoja alisema haukuhamishwa na yeye. Vijana wenye fimbo wakaanza kuruka jiwe hadi jiwe kuelekea kwake. Sote tulijua kinachofuata. Aliyenyooshewa kidole kwenye yowe huwa hafiki mahakamani. Hufika hospitali, akibahatika.

"Kimbia," nilimwambia kwa sauti ya chini.

"Nikikimbia nitaacha nyayo," alijibu.

Aliyewasimamisha vijana ni mke wa mjomba. Wakati sisi tunagombea mawe, yeye alikuwa amezunguka kwa nyuma akifunika nyayo kwa mabeseni, na yalipoisha akaongeza sufuria, mpaka ile ya ugali. "Hapigwi mtu kwangu," alisema, "kabla hatujafunua."

Askari aliyepigiwa simu na mwenyekiti alifika kwa bodaboda, akashuka na kuelekea moja kwa moja langoni.

"Afande!" uwanja mzima ulisema.

Akasimama, mguu mmoja bado uko hewani.

"Karibu sana afande," alisema mke wa mjomba, "lakini karibia hapo hapo."

Afande aliurudisha ule mguu alikoutoa. Alisema alikuwa anakuja kwa tahadhari. Kisha akazunguka pembeni, akachuchumaa, akafunua beseni la kwanza, akatuamuru tuonyeshe nyayo za viatu vyetu. Tukainua miguu juu ya mawe, tukishikana mabega, kama mifugo mbele ya bwana mifugo. Karibu nusu yetu tulikuwa na kashata ile ile. Fundi wa mnadani alikuwa amekata tairi moja la lori na kutuvalisha kijiji kizima.

"Ila huu una mstari hapa kisiginoni," afande alisema. "Kama waya."

Wote tukautazama mguu wa kulia wa mjomba, ambao katambuga yake ilishonwa kwa waya.

"Kwa hiyo nimejiibia?" mjomba aliuliza.

"Sijasema hivyo, mzee. Lango ulifunga lini?"

"Jana jioni, mvua ilipokatika."

Afande akafunua sufuria. Chini yake ulikuwepo unyayo wenye waya, na juu yake kwato imekandamiza nusu. Mjomba alitangulia jioni alipofunga lango, maksai akafuata usiku. Hakukuwa na nyayo za mtu mwingine. Kwenye gogo la juu kulikuwa na nywele nyekundu, na alama mbichi ya pembe.

"Amejifungulia," mtu mmoja alisema, kwa heshima kidogo.

Tulifuata kwato kwa mstari mmoja, tukitembea pembeni, mpaka kwa mzee aliyemuuzia mjomba yule maksai mnadani. Maksai tulimkuta nje ya zizi lake la zamani, analamba chumvi.

"Amekuja mwenyewe," mzee alisema. "Namba yako sina, nikajua utamfuata."

Mjomba alivuta kamba, maksai akagoma. Mjomba akamtazama, kisha akanitazama mimi. "Mmefanana. Mnashibia kwangu, moyo uko kwingine."

Jirani ndiye aliyesogea, akaipokea kamba bila kuombwa, akapiga mluzi, na maksai akamfuata. Mjomba alitembea nyuma yao muda mrefu akikohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha ugonjwa.

"Jirani," alisema mwishowe, "nilikunyooshea kidole bure."

Jirani hakugeuka. "Ukifika, chomoa huo waya kiatuni," alisema, "ufungie lango."