Juu ya Rungwe, Mwaka Aliofariki Mama

Barua ya kifo cha mama ilinikuta Mbeya siku kumi na mbili baada ya mazishi. Kaka yangu ndiye aliyeiandika, kutoka nyumbani Iringa. Miaka ile ya hamsini nilikuwa karani wa serikali, kijana tu. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikaikunja, nikaendelea kunakili barua za ofisi mpaka saa ya kufunga.

Mwezi ukapita sijalia. Nilipanga nyumba moja na rafiki zangu wawili, mmoja mwalimu wa jiografia, mwingine dereva wa lori. Mwalimu akasema kila mwaka anawafundisha watoto kwamba Rungwe ndio mlima mrefu kuliko yote katika jimbo letu, na yeye mwenyewe hajawahi kuukanyaga, basi twende sote tukaupande. Nilijua ni kwa ajili yangu. Nikakubali kwa sababu kukataa kungetaka maneno mengi.

Dereva alitupakia kwenye lori lake hadi Isongole, kijiji kilicho chini ya mlima, tukalala kwa shemeji yake, na alfajiri tukaanza kupanda. Msitu ulikuwa umelowa. Juu zaidi mianzi ilikuwa imelaliana, tukapita tumeinama, pengine kwa magoti. Mwalimu alitaja majina ya miti. Dereva, aliyezoea kukaa kwenye usukani, kila mara aliomba tupumzike. Mimi sikuchoka. Niliona tu miguu yangu ikipanda.

Kileleni kulikuwa na ukungu mtupu. Mwalimu alinyoosha kidole kwenye ule weupe akasema Ziwa Nyasa liko kule. Tukakaa kwenye majani, tukafungua vyakula. Hapo dereva akaniuliza mama alikuwa mtu wa namna gani. Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hivyo.

Nikawaambia kwamba asubuhi za baridi alinitia viazi viwili vya moto mifukoni, kimoja kila upande, nipashe mikono njiani kwenda shule. Saa ya mapumziko ndipo nilipovila. Nilieleza kwa sauti ile ile niliyowasomea watu fomu zao ofisini.

Dereva akaanza kulia. Alilia mpaka mabega yakatikisika, na mwalimu akamshika mkono. Mimi nilimtazama tu.

"Nisamehe, ndugu yangu," akasema. "Aliyefiwa ni wewe."

"Lia tu," nikamwambia. "Mimi siwezi."

Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote jambo hilo. Tulipoanza kushuka mwalimu alitangulia, akawa ananishikia matawi yasinipige usoni, kama mtu anayemwongoza mgonjwa, nami nikamwacha afanye hivyo hadi chini.

Nilipopata likizo nilikwenda Iringa. Baba alinipeleka kaburini, akasimama kando huku nikipalilia majani yaliyokwisha kuota. Nilipomaliza aliniuliza safari ilikuwaje. Nikamwambia vumbi lilikuwa jingi kuanzia Igawa. Akaitikia kwa kichwa, tukarudi nyumbani kula.