Ng'ombe Ndani ya Kiini

Siku ya kwanza kazini nilibeba makasha. Kompyuta zilikuwa zinaingia nchini kwa fujo, biashara zimefunguliwa, na ile kampuni ya Kinondoni ilitaka mtu mwenye mgongo. Mie niliishia darasa la nne. Meneja wa Ufundi, mtu wa bara aliyefunga tai hata joto likiwa la kuua, aliniuliza najua nini kuhusu kompyuta. Nikamwambia najua ni nzito. Akacheka, nikapata kazi.

Sikukaa sana kwenye makasha, maana nilikuwa naangalia. Kutoka stoo nikahamia kuvuta nyaya, kutoka nyaya nikaanza kufunga kadi ndani ya mashine, mwisho nikakalishwa kwenye meza ya Mhandisi Mkuu, mama mmoja wa Temeke asiyepoteza neno, niandike mafaili ya vifaa. Nyie mnaochomeka kitu na mashine ikakitambua yenyewe hamuijui kazi hiyo, kwa hiyo nitaieleza.

Kila kompyuta ina programu moja inayoamka kwanza na kuzitawala nyingine zote. Hiyo ndiyo kiini. Siku zile kiini kilikuwa kipofu. Lazima ukiambie: hapa pana kadi, anwani yake ndani ya mashine ni hii, na ikitaka kusikilizwa itabisha hodi kwa namba hii. Vifaa viwili vikigombea hodi moja, mashine inaganda. Tuliandika hayo yote kwenye faili, halafu kiini kikajengwa upya kwa ajili ya mteja huyo tu.

Namba zenyewe hatukuziandika pale. Zinachanganya, na wateja walikuwa wengi. Tuliandika majina, na namba za hayo majina zikakaa kwenye faili moja la pamoja. Kabla ya ujenzi ilipita programu ndogo: inavuta lile faili la pamoja, inaondoa maelezo yetu ya pembeni, na penye jina inaweka namba. Mie niliiita kazi hiyo kupepeta, na ofisi nzima ikafuata. Kinachobaki kwenye ungo ndicho kinachokwenda kupikwa kiwe kiini.

Majina niliyaandika kwa Kiswahili. Kiingereza changu kilikuwa cha kwenye makasha: juu wapi, chini wapi. Meneja hakupenda, alisema tutaonekana washamba. Mhandisi Mkuu akamjibu kwamba mteja halisomi lile faili, anayelisoma ni mimi. Basi mteja wetu wa Mabibo alikuwa na printa iliyokuwaga inakumbatia karatasi, haitaki kuiachia. Nikaiandika ng'ang'anizi, na kiini kikaielewa bila shida.

Halafu ikaja kazi ya ghala la nafaka Tabata. Mashine moja, na makarani wanne waitumie kwa pamoja kupitia kadi yenye matundu manne. Nilipoishika ile kadi nikaona matundu manne yanayonyonywa na makarani wanne. Nikaiandika ng'ombe.

Kiini kikajengwa bila kulalamika. Tulipowasha, mashine ikaganda. Tukajenga tena, ikaganda tena. Mwenye ghala alikuwa anakuja kesho yake kuichukua.

Meneja akasimama nyuma ya kiti changu. "Haya ndiyo matunda ya Kiswahili chako," akasema. "Faili liandikwe upya kwa Kiingereza, na mtu mwingine. Wewe stoo kuna makasha."

"Ng'ang'anizi mbona anafanya kazi, bosi? Yeye Mzungu?"

Akabaki amesimama palepale. Nilijua nikirudi stoo siku hiyo, sitoki tena.

Mhandisi Mkuu akasema tusimamishe kazi katikati: tupepete tu, tusipike, tuone kilichobaki kwenye ungo. Tukachapa karatasi, tukaitandaza mezani. Nikapitisha kidole mstari kwa mstari. Kila mahali nilipoandika jina palikuwa na namba. Nikafika kwa ng'ombe. Baada yake majina yangu yalikuwa yamesimama vilevile kama nilivyoyaandika. Anwani ya ghala, hodi ya ghala, wala namba hakuna.

Mama akaniwekea kalamu kwenye ile alama ndogo ya ng'. Kwa ile programu, akanieleza, hiyo ni alama ya kufungua nukuu, na kilicho ndani ya nukuu haikigusi. Ilifungua kwenye ng'ombe, ikatafuta pa kufunga, haikuona, ikapita kimya hadi mwisho wa mstari. Programu iliyofuata ilipokuta neno mahali pa namba ikaweka sifuri. Na hodi ya sifuri ni ya saa ya mashine yenyewe. Kadi yangu na saa walikuwa wanagombana mlangoni.

"Na ng'ang'anizi ana alama mbili," nikasema. "Amefungua, amefunga."

Hapo ndipo nilipomwona yule mama akicheka kwa mara ya kwanza.

"Kwa hiyo ni Kiswahili," Meneja akasema.

"Ni alama moja, Bwana Meneja. Neno lisilo nayo litapita. Kaka, andika mbuzi."

"Mbuzi ana chuchu mbili, mama. Kadi ina matundu manne."

"Unataka nini basi?"

"Mtamba."

"Mtamba si bado hajazaa? Atakamuliwaje?"

"Na hii kadi imeshakamuliwa na nani?"

Meneja akalegeza tai. "Andikeni huyo mtamba wenu, tuwashe."

Mashine ikaamka. Kesho yake ikaenda Tabata, na mie nikabaki mezani. Baadaye nikapelekwa tawi la Temeke kama Msimamizi wa Mafaili, cheo ambacho hakikuwepo kabla yangu, na nikakishika mpaka nilipostaafu.

Kazi ile imekufa, viini vya sasa vina macho. Sina majuto. Ninachowaachia ni kimoja: kitu kikigoma, msikimbilie kukijenga upya, chunguzeni kwanza kilichobaki kwenye ungo. Na andikeni kwa lugha mnayoota nayo, maana kosa utaliona kwenye maneno unayoyajua.

Siku hizi nafuga ng'ombe nyuma ya nyumba, Mbagala. Jike langu la kwanza nilimpa jina Mtamba. Ameshazaa mara nyingi, na jina sijabadilisha.