Nilikabidhiwa Ofisi, Mwenyewe Hakuondoka

Siku niliyokabidhiwa ofisi ya kituo cha vijana pale Ngamiani, Tanga, kulikuwa na biriani, keki na hotuba ndefu. Mama aliyekianzisha kituo, ambaye sasa alikuwa anastaafu, alinivisha khanga mabegani mbele ya watu akasema, "Mwanangu, nyumba ni yako." Wengine walilia. Mimi mwenyewe machozi yalinilengalenga. Kesho yake asubuhi nilifika kazini nikamkuta ameketi nyuma ya meza yangu, anamenya chungwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umechelewa leo."

Sikuwa nimechelewa. Nilidhani amefuata vitu vyake, nikakaa pembeni kumngoja amalize. Aliondoka baada ya alasiri. Siku iliyofuata alikuja tena, na iliyofuata.

Kituo chenyewe ni nyumba ya Kiswahili yenye baraza mbele. Vijana wa mtaani hujifunza kushona na kutengeneza simu na baiskeli, na jioni huenda uwanjani. Mimi nimezaliwa Muheza, mtoto wa vibarua wa mkonge, na kazi hii niliitafuta kwa muda mrefu. Nilikuja na mipango yangu. Niliona wasichana wengi hawafiki darasa la kushona asubuhi kwa sababu wanauza vitumbua, nikalihamishia mchana. Mama akawaambia wabaki asubuhi, kwa kuwa mchana kuna joto. Wengine wakaja asubuhi, wengine mchana, na mwalimu wa cherehani akaniuliza waziwazi mimi pale ni nani hasa. Si kwamba vijana walinidharau. Walinisalimia vizuri, "Mambo dada," halafu wakanipita kwenda kumweleza mama shida zao.

Nilimpigia mwenyekiti wa bodi kulalamika. Alicheka, akasema, "Mvumilie, atazoea tu." Nilikata simu nikiwa na hasira zaidi kuliko nilivyoanza. Mwenyekiti ni mdogo wa mama, wa tumbo moja, jambo ambalo hakuna aliyeona haja ya kuniambia siku ya usaili.

Kilichonimaliza ni safari ya Pangani. Vijana wa Bweni, ng'ambo ya mto, walitualika mechi ya kirafiki, nami nikakodi Kosta. Jumamosi asubuhi wachezaji walijaa barazani na jezi zao, wasichana wamefunga chakula. Gari halikutokea. Nikampigia dereva.

"Dada, si safari imeahirishwa?"

"Nani kaahirisha?"

"Mama kanipigia jana. Kasema itanyesha."

"Mama yupi?"

"Kwani kuna mama mwingine?"

Halikudondoka hata tone. Jua liliwaka mpaka magharibi, na vijana walirudi makwao bila kulalamika, jambo lililoniuma kuliko kama wangenilaumu. Nikaenda moja kwa moja nyumbani kwa mama. Nilimkuta uani anachambua mchele. Nilimwaga yote, la darasa, la dereva, la kukaa mezani pangu kila siku.

"Mama, nakuheshimu sana, lakini kazi hii siiwezi namna hii. Ama niwepo mimi, ama uwepo wewe."

Aliendelea kuchambua. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi kaa, chai iko tayari."

Nikanywa chai, maana ningefanyaje. Nilipoinuka kuondoka nilimwambia safari itakuwa Jumamosi inayokuja, mvua inyeshe isinyeshe, na kama anawahofia watoto basi naye aje. Nilisema kwa shari. Sikutegemea atakubali.

Alikubali. Alikaa mbele na dereva, akamwelekeza njia nzima, wapi apunguze mwendo na wapi apige honi. Tulipofika Pangani, pantoni, kivuko cha kwenda Bweni, ilikuwa inatia nanga. Vijana wakashuka mbio kwenda kupanda. Mama akabaki amesimama chini ya kibanda cha tiketi.

"Nendeni tu," akasema.

Nikajua amesusa. "Mama, tafadhali. Watu wanatungoja."

Akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi katika joto lile. "Mimi maji siyavuki," akaninong'oneza. "Tangu utotoni. Nikiona tu watoto wanapanda, moyo unanitoka."

Mtu kazaliwa Tanga, kazeekea Tanga. Ndipo nilipoelewa ile mvua ilitoka wapi. Nilitaka kucheka na nilitaka kupiga kelele.

"Si ungeniambia tu, mama."

"Nikuambie nini? Mtu mzima mie, naogopa pantoni?"

Tukavuka bila yeye. Kipindi cha pili golikipa wetu aliteguka kifundo cha mguu, na papo hapo ukazuka ugomvi na refa. Niliwaona vijana wanageuka kumtafuta mama pembeni mwa uwanja. Hayupo. Wakanitazama mimi. Nilimfunga golikipa kwa mtandio wangu, nikaenda kuzungumza na refa, na mechi ikaendelea. Tulifungwa vibaya. Wakati wa kurudi, kwenye pantoni, nahodha alinisogelea akaniuliza mazoezi ya Jumatatu yatakuwa saa ngapi. Aliniuliza mimi.

Furaha hiyo iliishia tuliposhuka upande wa Pangani. Mama alikuwa amekwisha agiza samaki wa kukaanga na muhogo kwa wote, amepanga na dereva saa ya kuondoka, na alinikemea mbele ya vijana kwamba nimewachelewesha watoto wa watu. Nikala samaki wangu.

Njiani kurudi, wengi wakiwa wamelala, aligeuka akaniambia kwa sauti ya chini, "Sawa. Nitakuwa nakuja Jumanne na Alhamisi tu."

Nilishukuru kwa moyo wote. Na ahadi ameitunza, kwa namna yake. Siku nyingine zote haji kazini, anapita tu kunisalimia. Jumatano hii alipita saa mbili asubuhi. Nilipofunga ofisi jioni, alikuwa bado ananisalimia.