Kikombe Alichokifuta

Alikifuta kikombe. Nilikuwa nimekinywea kwanza, kama tulivyolelewa: ukimpa mtu kinywaji unaonja wewe mbele yake, ndipo unamkabidhi, ajue hukumwekea sumu. Nikaonja, nikampa kwa mikono miwili. Akatazama pale midomo yangu ilipogusa, akashika ncha ya kitenge chake, akafuta ukingo, akakizungusha akafuta tena. Halafu akaona haitoshi, akamwaga maji yale chini. Maji! Kwenye uwanja wa mpira wa Remera, watu wamejaa hadi kwenye ngazi, ndimi zimekauka kama ngozi ya ngoma, na mtu anamwaga maji kwa sababu mdomo wangu umeyagusa. Watu waliona. Nilikichukua kikombe nikakificha ndani ya nguo, kana kwamba mwizi ni mimi.

Mwaka ule wa mauaji ya kimbari yalinipata mengi, na ukiyatia kwenye mizani mengine yanalizidi hilo. Lakini hilo ndilo linalonifanya mpaka leo nigeuke ukutani ninapokunywa chai.

Nilidhani jambo hilo ni langu peke yangu duniani, mpaka niliposomewa hadithi ya Mfaransa mmoja wa zamani.

Nilizaliwa Biryogo, mtaa wa Waislamu wanaosema Kiswahili, ndiyo maana naandika Kiswahili. Shule niliiacha mapema, nikashika sindano. Sasa nashona sare za shule Remera, wanawake tupu katika chumba kimoja, na tuna desturi yetu. Siku ya kushona vifungo kwa mkono, mashine zikinyamaza, mmoja wetu anaachiwa kazi ili asome, na sisi tunamshonea sehemu yake. Msomaji wetu ni binti aliyekulia Tanzania, Kiswahili chake kama cha redioni. Siku hiyo alileta hadithi hiyo.

Iko hivi. Kuna vita, mji umetekwa, watu wanaukimbia ndani ya gari la farasi. Wamo matajiri na wake zao, wamo masista, na yumo mwanamke mmoja mnene anayeuza mwili wake. Wakubwa wanamkunjia pua. Njia inakuwa ndefu, njaa inawashika, na aliyekumbuka kubeba kikapu ni yeye tu. Kuku, mikate, kila kitu. Anawagawia wote.

"Yewe, mimi ningekaa karibu na huyo toka mwanzo!" akasema jirani yangu wa kushoto.

"Wewe ungemla yeye na kikapu chake," akajibiwa, na chumba kizima kikacheka. Nami nilicheka.

Halafu afisa wa adui anawazuia njiani. Hawaendi popote mpaka yule mwanamke akubali kulala naye. Anakataa. Wenzake mwanzoni wanamtetea, kisha wanachoka kumtetea. Wale wale waliolamba vidole kwa kuku wake wanaanza kumlainisha, polepole, kwa mifano ya dini, hata sista anatia neno lake. Mwishoni anakwenda. Gari linaondoka, na sasa kila mtu amefungasha chakula chake. Yeye kwa haraka na fedheha hakubeba kitu. Wanakula mbele yake. Hakuna anayemwambia karibu. Analia, na hadithi inaishia hapo.

Sindano ilikuwa imeniingia kidoleni na sikuisikia. Niliona tu damu kwenye kola ya shati jeupe.

"Lakini jamani," akasema mmoja, "si ilikuwa kazi yake? Kwani alipoteza nini?"

Wengine wakacheka tena. Mimi moyoni nilipiga kelele: mimi haikuwa kazi yangu! Nilikuwa msichana anayejifunza kushona! Kisha nikajisikia. Nilikuwa namkimbia yule mwanamke mnene. Nilikuwa nafuta kikombe chake, mimi, kati ya watu wote. Aibu ilinipanda hadi masikioni. Nikasema nakwenda kuosha kola, nikatoka.

Basi niseme lililotokea. Majina sitayaandika, lakini wanajijua.

Tulikuwa tumejificha nyuma ya duka huko Kicukiro: mzee wa kanisa, mke wake ambaye ndiye aliyekuwa ananifundisha cherehani, watoto wao, na mwalimu mmoja jirani yao. Mama yangu alikuwa amenifungia chapati na viazi vitamu kwenye furushi. Chakula kingine hakikuwepo. Tulikula wote, na yule mama akaniita malaika wake.

Chakula kikaisha. Kufika uwanjani, ambako watu walikuwa wakilindwa, ilibidi kupita bariyeri, kizuizi cha wauaji barabarani, na aliyeishika alikuwa kijana wa mtaani niliyewahi kumpunguzia suruali. Mzee wa kanisa alitoka kuzungumza naye. Akarudi hanitazami.

"Anasema tutapita," akasema. "Ila binti abaki kwake mpaka kesho."

Nikakataa. Mwalimu akatoa hadithi ya malkia fulani wa kwenye Biblia aliyejitoa ili watu wake wapone. Mimi Mwislamu, malkia huyo wala sikumjua. Mzee akasema Mungu haangalii mwili, anaangalia moyo. Mke wake alinyamaza muda wote, na kwa kunyamaza kwake nilidhani yuko upande wangu. Kisha akaja, akanifunga kilemba vizuri kwa mikono yake mwenyewe.

"Nenda tu, mwanangu. Mimi si mama yako hapa?"

Walipita. Kesho yake nami nikaachiliwa, nikafika uwanjani, na nilipowaona wako hai nilifurahi. Nilikimbia kuwatafutia maji. Furaha hiyo inaniaibisha kuliko yale ya bariyeri. Mikono iliyofuta kikombe ndiyo ile ile iliyonifunga kilemba.

Yule wa bariyeri alihukumiwa. Aliletwa mbele yetu kwenye mahakama ya wananchi, tumekaa kwenye majani, akayataja yote kwa mdomo wake, akafungwa. Ana jibu lake. Lakini neno "nenda tu, mwanangu" halina mahakama. Na huyo Mfaransa, aliyeona mengi hivyo, mbona amewaacha watafune tu, gari linakwenda, hakuna hata mmoja aliyeulizwa? Hilo simsamehi.

Kwa hiyo, baada ya kuosha ile kola, nilipanda moto, pikipiki ya abiria, hadi Rebero, anakokaa yule mama siku hizi. Mzee wake alikwisha kufa, mwalimu naye. Nyumba ni nzuri. Alinipokea kwa kunikumbatia, akaleta soda, akaifungua mbele ya macho yangu kama inavyotakiwa kwa mgeni. Nikamimina kwenye glasi, nikanywa kidogo, nikamnyooshea kwa mikono miwili.

"Tushirikiane, mama."

Akaitazama ile glasi. "Mimi nina sukari, mwanangu. Daktari amenikataza."

"Onja tu."

"Hapana, kunywa wewe. Karibu sana." Kisha, bila mimi kusema neno lingine, akasema: "Yale ya zamani tulishasameheana."

"Nani alimsamehe nani, mama?"

Alijibu kwa kumwita mjukuu alete karanga. Nami nikazila zile karanga, nikaaga kwa adabu, nikasema asante. Njiani nikiwa nyuma ya dereva nilijichukia kwa ile asante.

Kila mwaka tunapokumbuka wafu wetu, yeye hushika kipaza sauti na kusema Mungu aliwafungulia bariyeri. Watu hulia. Mimi hukaa nyuma nikiangalia viatu vyangu, kama vile niliyefanya ubaya ni mimi.

Mama wa Rebero, wasichana wa pale kazini watakusomea haya, mmoja wao ni jirani yako. Mwaka huu nitakaa mbele. Utakaposhika kile kipaza sauti, sema ni nani aliyewafungulia. Sema ni nani aliyemtuma msichana huyo, na kwamba msichana huyo alikuwa amewalisha. Halafu niambie, watu wakisikia: ulikuwa unafuta nini kwenye kile kikombe? Sitaki pole, na usiniletee Mungu. Nijibu wewe.