Meno ya Maji ya Meru

Ukizaliwa Kikatiti kule Meru kama mimi, meno yako yanakuwa na rangi ya chai ya rangi mpaka unaingia kaburini. Maji yetu yana floraidi nyingi. Nimeulizwa kuhusu meno haya maisha yangu yote, na jibu langu lilikuwa moja tu: maji. Basi fizi zilipoanza kutoa damu, nikasema maji. Meno mawili ya mbele, ya chini, yalipoanza kucheza, nikasema maji hayo hayo, na mume wangu akaitikia. Nikahamia maji ya chupa, nikazidi kuisugua rangi kwa unga wa mkaa. Kwenye fizi sikugusa, maana huko ndiko damu ilikokuwa inatoka.

Daktari wa meno kule mjini alikuwa binti wa umri wa mwanangu wa kwanza. Aliniamkia vizuri, akapitisha kijiti chembamba cha chuma kati ya fizi na jino, kikazama. Nikamweleza habari ya maji. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Mama, maji yamekupaka rangi tu. Wanaokung'oa meno ni bakteria, na wako huku chini ambako mswaki wako haufiki."

Akanichoma ganzi, akakwangua ugaga, ule uchafu ulioganda kwenye meno kama jiwe, chini ya fizi, siku mbili tofauti. Alinieleza kwamba kukwangua kunawaondoa wengi, na fizi ikishikana tena na jino wanakosa pa kujificha. Ila hawamaliziki wote. Nisiposafisha kwenye fizi asubuhi na jioni, watajaa upya ndani ya wiki chache.

Nilichukia, nisiseme uongo. Sindano zote zile, halafu hawaishi? Nyumbani Lemara, ninakokaa sasa, nikajitazama kwenye kioo: fizi zimenywea, meno yanaonekana marefu kama ya punda, na bado ni ya kahawia! Nikasema huyu binti kanichezea. Mswaki laini alionipa nikauacha kwenye pochi, nikarudi kwenye mkaa wangu, mbele tu, juu juu. Mume wangu alinikumbusha mara mbili, nikamwambia ashughulike na mdomo wake.

Miezi mitatu baadaye jino la kushoto lilikuwa linalala nikiuma mkate. Daktari akapima tena. La kulia fizi ilikuwa imeshika kidogo, akasema linaweza kubaki. La kushoto lile shimo kati ya fizi na jino lilikuwa limerudi lote, na usaha juu yake. Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi.

"Hili tumechelewa, mama."

Alinichoma ganzi, akalitoa bila hata kutumia nguvu. Nikaomba nilione. Lilikuwa jino zima, gumu, halina tundu hata moja. Sehemu niliyoisugua miaka yote iling'aa kwa usafi. Kuanzia pale fizi inapoanzia kwenda chini, mzizi wote ulikuwa umegandwa na ugaga mweusi. Nililia pale pale kwenye kiti, na ganzi ilikuwa bado haijaisha.